Ungo wa Mwanga Mlangoni kwa Mama Yuliana

Saa kumi na moja jioni. Selestini amechutama nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kipya cha ujamaa juu kidogo ya Kibirizi, akishindilia mchanga mbichi ndani ya kopo la maziwa. Bila mchanga kopo lingebonyea. Anaweka msumari, anagonga, tundu linatoka safi. Baadaye atasimamisha mshumaa ndani, na mwanga utachora ukutani kile alichotoboa.

Makopo huyaokota sokoni Kibirizi. Kazi yenyewe, anasema akicheka, ilianza kwa aibu.

Walipohamishwa kutoka milimani mwaka jana, 1974, nyumba zilijengwa kwa mstari, zote kipimo kimoja. Giza likiingia, mtu na akili zake timamu anajikuta ndani kwa jirani. Mama yake Selestini, Yuliana, ambaye macho yamepungua nguvu, aliingia kwa jirani, Honorata, akidhani ni kwa mwanawe, akavuta kigoda, akamgombeza mwenye nyumba kwamba uji wake una mabonge.

Kijiji kizima kilicheka. Yuliana hakucheka. Kulipokucha alifunga kanga zake, akasema anarudi kwake milimani. Tangu hapo husema hivyo kila asubuhi.

"Kule hakuna aliyebaki," anasema Selestini. "Nani atamchotea maji?"

Ndipo alipoikumbuka taa ya marehemu baba yake, Mzee Pastory. Ah, taa ile! Mzee aliitengeneza mwaka wa Uhuru, akaitoboa umbo la ungo, ikaning'inia mlangoni miaka yote hadi ilipopondeka kwenye lori siku ya kuhama. Ungo ule ukiwaka ukutani, watoto walijua ugali u tayari, wakaitana kutoka migombani. Selestini anazikumbuka jioni zile.

Akatengeneza nyingine. Mama akaisogeza machoni, akaikataa. Ungo wake wa kupepetea ulikuwa umeng'oka ukingo, na mumewe aliacha pengo kwenye taa makusudi kumtania. Selestini akaanza upya, akaacha pengo.

Majirani nao wakazitaka, huyu ya jembe, yule ya samaki. Humlipa shilingi moja, au dagaa. Anapanga kila mlango uwe na taa yake kabla ya mvua. Lakini tumaini lake kubwa ni moja tu, kwamba mama aiite nyumba hii kwake.

Giza linaingia. Yuliana anatoka kwa Honorata na fimbo yake, anapita milango miwili bila kusita, anasimama mbele ya ungo wenye pengo. Anautazama kwa muda mrefu.

"Ipandishe kidogo, mwanangu," anasema. "Wageni wetu wasije wakapotea."