Safari ya Tonge

Darasa la nne walimwita Mwalimu Kinanda. Jina hilo lilikuwa la zamani, la enzi ambazo sauti yake ilisikika hadi kwa muuza matunda nje ya geti. Alifundisha sayansi, na kila somo alilitungia wimbo: mifupa ilikuwa na wake, mimea wake, hata kutu ilikuwa na kibwagizo. Kisha akaotwa na uvimbe shingoni. Daktari akautoa, ila katika kuutoa akaugusa mshipa unaoendesha sauti. Mwalimu alirudi nyumbani mzima wa afya, na mkwaruzo tu kooni, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Jina la Kinanda likabaki vilevile. Watoto wangejuaje kwamba kila walipomwita hivyo alichomwa kidogo?

Jambo ambalo hakulitarajia ni jinsi watu wanavyochoka upesi kuuliza, "Unasemaje?" Mara ya kwanza huuliza kwa adabu. Ya pili husogeza sikio. Ya tatu huitikia kwa kichwa na kucheka mahali pasipo na kichekesho. Katika chumba cha walimu, wenzake walizoea kuongea huku na huku yeye akiwa katikati, kama vile yeye ni meza iliyo kati yao. Mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu katika mji wa mbali, alizoea kumpigia kila Jumapili. "Mama, sikupati, mtandao huo!" Haukuwa mtandao. Polepole simu zikageuka ujumbe. "Umeamkaje mama?" "Salama mwanangu." Basi. Mumewe alikuwa marehemu wa siku nyingi, na jioni katika vile vyumba viwili hapakuwa na wa kumwambia hata kwamba chumvi imezidi.

Muhula huo mwalimu mkuu alitangaza kwamba wazazi watakuja, na kila darasa liandae onyesho.

"Wewe pumzika, mwalimu," alimwambia. "Tutawapigia muziki kwenye spika, watoto wacheze tu."

Mwalimu alitikisa kichwa. Kwenye kitanda cha hospitali, akiwa haruhusiwi kusema neno, alikuwa ametunga igizo zima la nyimbo kichwani: tonge la chakula linaingia kinywani na kusafiri mwilini. Hakuwa amelisikia nje ya kichwa chake, na alitamani mno kulisikia.

Akagawa majukumu. Wenye vicheko wakawa meno. Mtoto mmoja mnene mcheshi aliomba mwenyewe kuwa tumbo, "kwa sababu nina uzoefu." Waliobaki wakashikana viuno kuwa utumbo, na hapo ugomvi ukazuka.

"Utumbo mwembamba uwe na watu wachache!" alisema mmoja. "Si mwembamba?"

"Mwembamba si mfupi, wewe!" alijibiwa. "Kamba nayo nyembamba, mbona ndefu?"

Wakafungua kitabu, wakapima kwa kamba uwanjani, wakapigwa na butwaa kuona urefu unaokaa ndani ya tumbo la mtu mzima. Tangu siku hiyo hapakuwa na aliyekosea swali hilo.

Kazi ilikuwa kwenye nyimbo. Maneno aliyaandika ubaoni, lakini tuni ataitoaje? Alijaribu kuimba mstari wa kwanza, koo likatoa pumzi na mlio uliokatika. Msichana mmoja aliyeitwa Spika kwa ukubwa wa sauti yake, ambaye ndiye angeigiza koo, aliinua mkono.

"Mwalimu, kwani koo lako lilifungwa?"

"Liliumia," alisema.

"Sasa linaona uchungu?"

Alifikiri kidogo. "Hapana. Koo halioni."

Akaanza kuwafundisha kwa mkono. Mkono ukiwa kiunoni, sauti chini. Ukiwa kifuani, sauti ya kati. Ukipita kichwa, juu kabisa. Spika alitazama ule mkono bila kupepesa na kutafuta sauti, na wenzake wakamfuata. Pale tonge linapofika kooni na kifuniko kidogo cha kooni kinapoziba njia ya hewa, mwalimu alikuwa ametunga mstari unaoshuka taratibu, kwa huzuni, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Alishusha mkono. Spika alishuka, akasita, halafu sauti yake ikaruka juu ghafla.

Mwalimu akatikisa kichwa. Warudie.

Wakarudia, na Spika akaruka tena palepale. Safari hii darasa zima liliruka naye, tumbo likapiga makofi, meno yakacheka kwa furaha. Mwalimu alisimama na mkono wake chini. Angeweza kuwazuia. Lakini hakuwa na namna ya kuwaonyesha anachokisikia yeye, na wao walikuwa wameshapata wimbo wao. Akauinua mkono juu, pale walipo.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, wazazi wengine wakisimama madirishani. Meno yalitafuna, koo likameza, tumbo likazunguka mpaka shati likachomoka, utumbo ukajikunja jukwaa zima. Kwenye ule mstari wa koo wazazi waliruka kwa sauti pamoja na watoto bila kuambiwa. Mwalimu, pembeni ya pazia, alizisikia tuni mbili kwa pamoja, hii ya ukumbi na ile yake.

Mwalimu mkuu akamwita kwenye kipaza sauti. Alienda. "Asanteni," alisema, na ule mkwaruzo ukatoka mkubwa kwenye spika zote. Mtoto mchanga akalia. Watu wakapiga makofi haraka haraka, kwa huruma, naye akarudi pembeni.

Jioni, simu ya mwanawe ikaita.

"Mama! Onyesho vipi?"

"Nisikilize, usikate," alisema polepole. "Kulikuwa na mstari mmoja..."

"Sikupati mama. Andika, nitasoma."

Akaandika ujumbe mrefu, kuhusu ngazi na giza na Spika. Akausoma, akaufuta. Akaandika: "Limekwenda vizuri." Jibu likaja papo hapo: "Safi sana mama!" Akala, akaosha sahani yake moja, akaifunika.

Igizo lile halikuondoka shuleni. Kila mwaka darasa la nne huliimba, wakifundishwa na wakubwa zao, na wote wanadhani ndivyo lilivyotungwa. Mwalimu huwaongoza kwa mkono, na wanafaulu mitihani yao. Njiani kurudi nyumbani hujaribu kuuimba ule mstari wake kimoyomoyo, unaoshuka. Zamani aliufikisha mpaka mlangoni. Siku hizi, kabla hajafika mwisho wa barabara, sauti za watoto humpanda kichwani na kuruka juu, naye husimama kidogo, akijaribu kukumbuka ulikuwa unashukia wapi.