Niliapa Mbele ya Wazee Kwamba Hakunigusa

Mhariri, naomba jina langu mlifiche. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, fundi cherehani hapa Kinyangiri, na nikikaa kimya siku moja zaidi nitapasuka.

Nilikuwa na mchumba. Anaendesha mashine ya kukamua alizeti kule Misigiri, hizi za watu binafsi zilizoingia juzijuzi, na tangu aishike anajiona bwana mkubwa: miwani ya jua, viatu vya mtumba, redio begani. Jumapili alikuwa akinisindikiza kutoka kanisani. Sikulala naye, Mungu ni shahidi. Lakini tulikumbatiana na kubusiana, tena si mara moja. Siku hizo alikuwa na kidonda mdomoni. Nilipomuuliza alisema ameunguzwa na mafuta ya mashine. Nikamwonea huruma, mjinga mimi!

Kanisani kwetu wachumba hupimwa damu kabla ya ndoa kutangazwa. Nilitangulia mimi, nikakutwa na kaswende. Nilimlilia nesi kwamba simjui mwanamume, akaniuliza kama nimebusiana na mtu mwenye kidonda.

"Ugonjwa huu unapita hata kwenye kidonda, mdogo wangu. Si lazima mlale pamoja. Mlete na yeye atibiwe."

Nikachomwa sindano, nikampelekea habari kwa nia njema. Badala ya kwenda kupima, akakimbilia kwa mshenga kunishtaki kwamba nina kaswende. Wiki hiyo hiyo wazee wakajaa kwetu. Mama yangu, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani, alikuwa ameinamisha kichwa. Yule mnafiki akasimama.

"Shikamooni wazee. Muulizeni mwenyewe, mimi nimewahi kumgusa?"

Shangazi akanigeukia. "Sema kweli, mwanangu. Amekugusa?"

Nilimtazama mama. Nikasema, "Hapana, shangazi. Naapa, hata mkono hajanishika."

"Basi, mmesikia," akasema yule mnafiki, akaketi.

Alijua nitaona haya mbele ya mama, akanitega kwa haya hizo hizo. Wazee wakaona kama si yeye, basi ni mwanamume mwingine! Nikaitwa malaya, uchumba ukavunjwa, na mama hajaniita jina langu tangu siku ile.

Mimi nimerudia kupima, nimepona. Yeye hajapima mpaka leo. Pole zenu sizitaki, kaeni nazo. Ila mshenga yule yule sasa anaingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kumposea yeye. Binti wa pale hana kosa lolote kwangu, na kanisani kwao wachumba hawapimwi damu. Jana alikuja kwangu na kitambaa cheupe, nimshonee gauni la harusi. Nikiwa nampima kiuno akaninong'oneza huku anacheka, "Dada, mwenzio nabusiwa mpaka basi, ila mengine nimemwambia asubiri ndoa."

Nikimwambia ukweli, lazima nikiri kwa mama na wazee wote kwamba niliapa uongo. Na nani atamwamini malaya? Kitambaa kiko hapa mezani, sijakikata. Ninyi mnaosoma, niambieni: nifungue mdomo, au nishone?