Ndoo ya Buluu

Vijana wenzake, wanafunzi waliopanda meli kwenda kuchunguza viumbe wa baharini, walimwita Bi Ndoo, kwa sababu tangu wang'oe nanga hakuonekana bila ile ndoo yake ya buluu. Tumbo lilimchafuka asubuhi, mchana na jioni. Lakini wavu ukipandishwa tu, yeye ndiye wa kwanza kuinama, ndoo kiwikoni, vidole vyake vyembamba vikipekua uduvi na konokono kama mtu anayechambua mchele. "Samahani, mpenzi, hebu sogea," humwambia kaa. Kisha hugeuka, akatapika, akajifuta mdomo na kuendelea pale pale alipoishia.

Siku hiyo wavu ulileta kiumbe laini, mwangavu kama kioo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata vitabuni. Na mitungi yote ya kuwekea viumbe imejaa!

"Jamani, atatufia mikononi!" mwenzake wa chumbani akapiga kelele.

Bi Ndoo hakungoja. Aliisuuza ndoo, akateka maji ya bahari, akamlaza mgeni mle taratibu kama anayelaza kitoto kichanga. Halafu huyoo, mbio hadi ukingoni, kiganja mdomoni.

"Na wewe je, shoga?" mwenzake akauliza, mbavu hana kwa kicheko.

"Mimi," sauti ikajibu kutoka ukingoni, "ninayo bahari nzima!"