Jinsi filamu mbili za Chelewa zilivyomwozesha kaka yangu, na ya tatu ilivyonifanya niseme uongo

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimesoma uzi wa vijana humu mnaoorodhesha kazi za yule mwigizaji wa zamani, mkibishana ipi mtu aanze nayo. Jina lake mnalijua kuliko mimi. Sisi kwetu Suji, milimani Same, tulimwita Chelewa, kwa sababu ya sehemu ya kwanza tuliyomwona akiigiza.

Mimi si msomi, nimeishia darasa la saba. Majina ya filamu zake siyajui, maana yule wa kipaza sauti kwenye gari la sinema alikuwa hayataji. Nitasema nilichokiona tu. Palipo na aibu yangu pia nitasema.

Kaka yangu Mbonea tumemzika mwezi uliopita. Huyo ndiye aliyekuwa shabiki hasa. Mimi nilikuwa mfuataji.

Miaka hiyo ya Ujamaa televisheni tulikuwa tunaisikia tu. Tulikuwa na redio ya dukani, na mara chache gari la sinema lilifika Makanya, chini kwenye mkonge. Wanafunga kitambaa cheupe, wanawasha jenereta, giza likiingia picha inaanza. Kutoka kwetu ni mteremko wa saa kadhaa kwa miguu, na kurudi ni kupanda. Siku ya Sabato hatukuthubutu kushuka. Siku nyingine Mbonea hakukosa.

Filamu ya kwanza ilimhusu mvivu wa kijiji, mchelewaji wa kila kazi. Kengele ya shamba la pamoja ikilia, Chelewa anafunga kitambaa mguuni na kujilaza, eti anaumwa. Kesho yake anasahau ni mguu upi, anafunga mwingine. Watu wa mkonge walicheka mpaka wakakaa chini.

Mbonea akaipenda ile sehemu kupita kiasi. Akawa anaiigiza kila mahali.

Sasa, kwa msiojua kwetu. Maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye bwawa la kijiji, tunaliita ndiva. Kila familia ina zamu yake. Na kulisafisha ni kazi ya wote, msaragambo. Asiyefika, zamu yake inakatwa. Hilo halina mjadala hata leo.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Mzee Kajiru. Na Mbonea alikuwa ameposa kwake, binti anaitwa Nakijwa. Mbuzi wa kwanza wa posa alikuwa ameshapelekwa.

Siku ya msaragambo Mbonea alitoka Makanya kwenye sinema na kufika jua limeshapanda, tope tumeshalitoa nusu. Kuona watu wamenuna, akafunga kitambaa mguuni akaja anachechemea. Kufika katikati akabadilisha mguu.

Watu waliangusha majembe kwa kicheko. Mzee Kajiru peke yake hakucheka.

"Mguu una nini?"

"Hauna kitu, mzee. Ni mchezo wa sinema."

"Kwa hiyo mguu ni mzima na umechelewa."

Jioni kamati ikakaa. Mbonea akasema alichelewa kwa sababu alikuwa anamtafuta mbuzi aliyekata kamba. Mzee Kajiru akanigeukia mimi. Nilikuwa na sifa ya kutosema uongo, sifa niliyoipata utotoni bila kuitafuta.

"Mdogo mtu, huyo mbuzi alikata kamba?"

Wakuu, nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anatazama chini.

Nikasema, "Hapana, mzee. Alikuwa sinema Makanya."

Zamu mbili zikakatwa. Ilikuwa kiangazi, maharage yake ndiyo yanatoa maua. Yalikauka nikiyaona, maana shamba letu mimi na mama lilipakana na lake, na letu lilikuwa linapata maji.

Wiki iliyofuata yule mbuzi wa posa alirudishwa nyumbani kwetu akikokotwa. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mzee Kajiru hana binti wa kumpa mtu wa sinema.

Mbonea hakunitukana. Aliniambia kitu kimoja tu. "Ungeweza kusema hujui." Kisha akaendelea kula.

Nakijwa naye hakuwa na la kufanya. Tulipishana naye kisimani akaniuliza, "Kaka yako hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Basi mwambie aache kuchechemea," akajitwisha ndoo yake akaondoka. Nilimfikishia. Ndiyo siku niliyomwona Mbonea akilia.

Ikapita miezi kadhaa. Gari la sinema likarudi, safari hii kwa siku mbili. Siku ya kwanza Mbonea alishuka peke yake. Alfajiri alinigongea, jasho linamtoka.

"Chelewa anachimba mfereji."

"Mfereji gani?"

"Filamu mpya. Kijiji cha ukame, yeye ndiye anayewaongoza kuleta maji. Leo wanaionyesha tena. Twende kwa Mzee Kajiru."

Nilimwona kama amepungukiwa na akili, lakini nilikuwa na deni la maharage moyoni. Nikaenda.

Mzee Kajiru alikuwa hajawahi kuona sinema maisha yake yote. Alimsikiliza Mbonea mpaka mwisho, halafu akaniuliza mimi.

"Wewe umeuona huo mfereji?"

"Sijauona, mzee. Kaka ndiye kauona."

Nafikiri jibu hilo ndilo lililomwinua. Akachukua fimbo na koti. Tukashuka watatu.

Alitazama filamu nzima amesimama, amekataa kigoda. Chelewa alichimba, akabeba mawe, akagombana na wavivu wa kijiji. Maji yalipofika shambani watu wa mkonge walipiga makofi. Mzee Kajiru akaninong'oneza, "Mteremko wameukosea. Maji hayapiti pale." Lakini macho hakuyaondoa kitambaani.

Tulipoanza kupanda mlima akauliza, "Huyu ndiye yule mliyekuwa mnamwiga? Wa mguu?"

"Ndiye, mzee," akajibu Mbonea.

Tukaenda kitambo. Mzee akasimama kupumzika.

"Nani alimkanya?"

"Kumkanya nani, mzee?"

"Chelewa. Mtu habadiliki hivi hivi. Amekanywa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alidhani ni mtu mmoja, na maisha yake yanaendelea. Gari lilipokuja mara ya kwanza alikuwa mvivu. Lilipoondoka wazee wa kwao wakamkalisha chini. Gari limerudi, limemkuta mtu mzima mwenye jembe. Kwake sinema ilikuwa inaleta habari za mtu huyo.

Mbonea alinitazama gizani. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuulizwa.

"Nadhani ni wazee wa kwao," akajibu Mbonea.

"Walifanya vizuri," akasema Mzee Kajiru. Tulipokaribia kwake akaongeza, "Na wewe nilikukanya. Mbuzi wako bado yupo?"

"Yupo."

"Basi mlete."

Wakaoana baada ya mavuno. Na niseme ukweli, baada ya hapo Mbonea hakuchelewa msaragambo tena mpaka uzee ulipomkataza. Alikuwa anafika kabla ya mwenyekiti.

Kuanzia hapo Mzee Kajiru alimfuatilia Chelewa kama mtu anavyofuatilia habari za mpwa wake aliye mbali. Michezo yake ya redio alikwenda kuisikiliza dukani. Wale mnaouliza kuhusu michezo ile, nawashauri msiipite. Ule aliocheza baba mwenye mabinti wanne ni mzuri mno, sauti yake peke yake inatosha. Mzee alikuwa anasema, "Ameshakuwa na familia. Vizuri."

Sasa nije kwenye ya tatu.

Hii tuliiona Same mjini, mimi na Mbonea. Chelewa ni karani wa chama cha ushirika. Anawapunja wakulima kwenye mizani ya kahawa, mwisho anakamatwa. Kwa uigizaji ndiyo bora kuliko zote, na hapa nakubaliana na yule kijana aliyeiweka namba moja. Anapotazama mizani, uso wake hausemi kitu, lakini unajua.

Mimi sikuifurahia. Nilikuwa namwaza Mzee Kajiru kule Suji.

Njiani Mbonea aliniambia, "Nisikilize. Maharage yangu ulishayakausha mara moja."

Mzee Kajiru wakati huo alikuwa kitandani, kifua kinambana. Tulipoingia kumjulia hali, baada ya shikamoo na pole, hakumuuliza mkwewe. Aliniuliza mimi, kama kawaida yake.

"Mmetoka Same. Mmemwona Chelewa?"

"Tumemwona, mzee."

"Hajambo?"

Nakijwa alikuwa nje anachochea moto. Mbonea alikuwa amesimama mlangoni, hakunitazama.

Nikasema, "Hajambo, mzee. Amefungua mfereji wa pili."

Akafumba macho. "Huo wameupima vizuri?"

"Wameupima vizuri."

Alifariki kabla mvua za masika hazijakatika. Nimesema mengi ya kukosea maishani kwa kutojua, lakini uongo wa makusudi nakumbuka huo mmoja. Mbonea nami hatukuwahi kuuzungumzia.

Mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya kumzika, tumekaa matangani. Mjukuu mmoja akawa anatafuta kwenye simu kazi za yule mwigizaji ambaye babu alimpenda. Akapata kipande. Ni kile cha mizani.

Akampa bibi yake aone. Nakijwa akakitazama chote. Kisha akaniita.

"Shemeji, huyu si anaiba huyu?"

"Anaiba."

"Ni ya lini hii?"

"Ile tuliyoiona Same, baba akiwa mgonjwa."

"Baba alijua?"

"Hakujua. Aliniuliza, nikamdanganya."

Akanikazia macho. "Wewe?"

"Mimi."

Nakijwa akajifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia, na wanawake waliokaa naye walidhani hivyo, mmoja akamshika bega. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe, na kicheko kikaisha. Tukamwacha.

Baadaye akasema, "Angeiona hii, angemkokota yule mbuzi kumrudisha kwenu tena."

Nilichojifunza ni kidogo. Nilisema kweli, maharage yakakauka. Nilisema uongo, mzee akafa ametulia. Nimejaribu kuvipima hivi viwili, nimeshindwa, ila najua kipi nikikikumbuka nalala vizuri, na sijivunii. Pia nimejifunza kwamba mtu aliyekanywa apewe muda, maana sinema ya pili huenda iko njiani.

Kwa anayeanza kumtazama Chelewa, ushauri wangu: anza na ya mvivu, fuata ya mfereji, ya karani iache mwisho. Ukigeuza mpangilio utamchukia bure.

Na nina ombi. Ya mvivu na ya karani zimepatikana. Ya mfereji tumeitafuta, hakuna. Siku ile tuliposhuka Makanya watatu, Nakijwa alibaki nyumbani. Hajawahi kuiona mpaka leo, na juzi ameniuliza inakuwaje.

Mwenye nayo, au anayejua inapopatikana, aandike hapa chini. Hata kama ni kipande kifupi tu, kile maji yanapofika shambani.