Waliojua Kumtukana Mama Yetu

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita Yaya, ana mjukuu, mtoto wa binti yake, aliyechumbiwa mwaka jana na kijana wa Moba. Wazee wa kijana walikuja kwetu Kalemie, wakala ugali na samaki wa ziwani, mikebuka, wakasifu mapishi, kisha wakauliza: binti ni wa ukoo gani? Kwao, kama ilivyokuwa kwa mama yetu, ukoo hufuata upande wa mama, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kijana wao ni mtu wa Chui. Ikiwa binti naye ni wa Chui, ndoa hakuna.

Yaya alinitazama. Mjomba ndiye hujibu swali hilo, na mjomba wa mama yake binti ni mimi. Niliwaomba wanipe muda, maana sikujua.

Mama alikufa tungali wadogo, tukalelewa na ndugu za baba hapa mjini. Kaka yake mama, mjomba wetu, alikuwa akija kwa boti kutuona, amebeba samaki wa moshi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikiona haya kwa harufu ile mbele ya wenzangu. Nilipokea samaki mlangoni, nikamshukuru harakaharaka. Sikumwuliza lolote. Alipoacha kuja, nilichelewa hata kugundua.

Basi nikaanza kutafuta uzeeni. Parokiani waliniambia vitabu vya ubatizo vya wakati ule vililiwa na mchwa. Mzee mmoja alisema mama alitoka milimani, mwingine akaapa ni wa ufukweni. Wa tatu alinitajia ukoo bila kusita, nikarudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Jioni akapiga simu kusema alimchanganya na mwanamke mwingine. Lakini sikuwahi kurudi mikono mitupu.

“Umepata ukoo?” Yaya aliniuliza siku moja.

“Bado. Ila nimeambiwa mama alikuwa anaimba vibaya kanisani, tena kwa sauti kubwa.”

“Hiyo njo kitu umetembelea jua yote ile?” Akageuka kwenda zake, kisha akarudi. “Vibaya namna gani?”

Kisha alikufa jirani mmoja, mzaliwa wa upande wa Moba. Nilikuwa kilioni, nimeketi na wanaume, alipokuja mama mmoja mzee, amejipaka unga usoni, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimtajia jina la mama na la mjomba. Hapo hapo akaninyang’anya kofia, akaivaa.

“Kumbe weye ni wa Uyoga! Munaota penye uchafu, kisha munavaa kofia. Mama yako alikuwa mulafi. Alikula maharage ya kilio cha baba yetu, sisi wenye kilio tukalala njaa.”

Nilisimama kwa hasira. “Mama, heshimu marehemu. Mama yangu alikufa zamani.”

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

“Papa, weye haujue watani wako? Sisi ni watu wa Mvua. Bila sisi mungeota wapi? Na kama si sisi, nani angewazika? Mama yako tulikuwa naye kijiji kimoja.”

Nilikaa chini. Nikamwomba, kwa adabu sasa, anitukane tena tangu mwanzo. Akaanza na mama, akaenda kwa bibi, akafika kwa mama yake bibi, wote watu wa Uyoga, kila mmoja na tusi lake: huyu alikoroma, yule alitembea kama bata. Nilikuwa nimekaribia kumfukuza mtu niliyemtafuta.

Kesho yake nilimpeleka kwa pikipiki hadi nyumbani kwa Yaya. Mjukuu alikuwa anamenya mihogo.

“Si Chui?” aliuliza.

“Chui wapi,” mama yule akasema. “Chui ana sura nzuri.”

Binti aliacha kisu, akatoka nje na simu yake. Tulimsikia akicheka na mchumba wake. Nilidhani Yaya atamfuata, lakini alivuta kiti karibu na mgeni.

“Mama, sisi hatuna hata picha yake,” akasema. “Alikuwa na sura gani?”

Mama yule alimkagua Yaya toka paji la uso hadi kidevu, bila haraka.

“Mbaya sana,” akasema. “Sura yake njo hii yako.”