Mama Alipoipaka Boti Polishi ya Sakafu

Juzi nilikuwa napita kwenye magereji ya Ipogolo, hapa Iringa ninakoishi na kushona mapazia ya watu, nikakutana na harufu. Fundi mmoja alikuwa anaziba bampa la basi, amekoroga gundi ya faiba kwenye kopo la maziwa, na ile harufu kali yenye utamu ndani yake ikanivaa puani. Wale mliokulia karibu na gereji mnaijua. Nilisimama pale na mfuko wangu wa vitambaa mpaka yule fundi akaniuliza, "Dada, unasubiri gari?" Nikamjibu hapana, nasubiri boti. Alinitazama kwa huruma, kisha akaendelea na bampa lake. Ninyi sitawaacha kwenye mataa kama nilivyomwacha yeye.

Nilikulia Soweto, Mbeya. Baba alikuwa fundi bodi, na gereji yake ilikuwa uwanja wa nyumba yetu: huku kuku, kule milango ya magari imeegemezwa ukutani, katikati kamba ya nguo. Kamba hiyo ndiyo ilikuwa mpaka. Upande mmoja alitawala baba, upande wa pili mama, na hakuna aliyevuka kumfundisha mwenzake kazi. Baba alisifika kwa faiba. Bampa likija vipande vipande, yeye alilirudisha likawa zima, ukapapasa usijue lilipasukia wapi. Nadhani sifa hizo ndizo zilizoteremka mpaka ziwani, maana siku moja ya kipupwe, nikiwa darasa la tatu, lori lilirudi nyuma taratibu kwenye geti letu likiwa limebeba boti ya matanga.

Nataka mnielewe vizuri. Kutoka kwetu mpaka Ziwa Nyasa unateremka milima, unapita Tukuyu na migomba yake, unaendelea mpaka joto la Kyela likuvue sweta. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye tangi la shule. Na sasa kitu hiki kilikuwa kimelazwa uwanjani kwetu kifudifudi, tumbo juu, kirefu kuliko jiko na banda la kuku ukiviunganisha. Mlingoti na matanga vilibaki ziwani. Mimi niliona tumbo tu, na tumbo lile halikuwa na kona hata moja. Lilianza jembamba mbele, likatanuka, likarudi kujikusanya nyuma, na macho yangu hayakupata pa kusimama. Nililizunguka mikono nikiwa nimeifunga nyuma, nikaogopa, na woga wenyewe ulikuwa mtamu.

Majirani nao walikuja kushangaa. "Baba Tusa," alisema Mama Sekela wa nyumba ya pili, "Mungu amekwambia nini ambacho sisi hatujaambiwa? Tuanze kukusanya wanyama?" Kuanzia siku hiyo baba akaitwa Nuhu, na mimi shuleni nikawa binti Nuhu. Sikukasirika. Nilitembea kifua mbele.

Boti ilikuwa mali ya zahanati moja ya kanisa kule ufukweni. Kuna vijiji vimekaa chini ya Milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima unaingia ziwani bila kuacha nafasi ya barabara, na mgonjwa anatoka kwa maji au anabebwa kwenye njia za mbuzi. Nesi wa zahanati hiyo, Sista Agnesi, alikuwa akiwafuata watu huko kwa boti hii, kwa kuwa tanga haliombi petroli. Lakini boti ilikuwa imechakaa, imeanza kuvuja, na Sista alitaka irudi majini kabla upepo wa mwera haujachachamaa.

"Fundi, kuna kina mama wanahesabu miezi kule," alimwambia baba. "Kwa mtumbwi na ule upepo, siwafikii."

Mama alikuwa analeta chai. Aliweka sinia juu ya pipa la mafuta, akageuka akaingia ndani bila kumkaribisha mgeni sukari. Mama mwenyewe alizaliwa upande ule wa ziwa, ila nilipomuuliza habari za kwao siku zote alikumbuka kitu cha kunituma dukani.

Kazi ilianza na maji ya sabuni. Tulisugua uterezi wa kijani, tukabandua konokono wadogo waliokauka wakiwa wamejishikiza, na chini yake ikatokea rangi iliyokuwa nyeupe enzi zake. Baba alipiga msasa. Ndipo tulipoyaona malengelenge. Tumbo zima lilikuwa na vivimbe vidogo, na alipokitoboa kimoja kwa ncha ya bisibisi yakachuruzika maji yenye harufu ya siki. Nilipiga kelele. Nilidhani boti ina jipu.

"Ndiyo, ni jipu," baba alisema, akiendelea kutoboa. "Maji yameingia ndani ya faiba yakakaa miaka. Ukipaka rangi juu unampendezesha mgonjwa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua." Akayafungua yote, moja baada ya jingine, mpaka ile boti niliyoiona malkia ikafanana na mtu aliyeugua ndui.

Kisha tukasubiri ikauke, na kusubiri huko ndiko kulikonishangaza kuliko kazi yenyewe. Baba alibandika vipande vya nailoni angavu kwenye tumbo la boti, akavifunga pembe zote kwa utepe. Kazi yangu kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa kuvikagua. Nailoni ikiwa na jasho kwa ndani, boti bado imelowa. Mnaujua ubaridi wa Mbeya mwezi wa saba: ukungu umekaa kwenye paa, vidole havikunjiki. Nilikuwa nainama, napumua pembeni nisiharibu ushahidi, natazama matone madogo yaliyotoka ndani ya kitu kigumu kama kile. Nilikuwa nasikia kwa masikio yangu kwamba inapumua. Nilimwambia mama, naye hakunicheka. Alitoa blanketi la kitandani kwake akaifunika boti, majirani wakaona, na Mama Sekela, pamoja na maneno yake yote, akaleta la kwake. Mchana tuliyafunua jua liingie, jioni tukayarudisha. Nimewahi kuona wagonjwa waliotunzwa kwa uzembe zaidi ya boti ile.

Ilipokauka baba alitandika mkeka wa faiba, akapaka gundi saa za jua kali tu maana kwenye baridi haigandi, akaziba kwa puti, akapiga msasa wa maji mpaka kiganja kikapita kutoka mbele hadi nyuma bila kukwama. Vumbi lake liliwasha kuliko upupu. Nilijikuna darasani hadi mwalimu akanihamisha dawati.

Basi boti ikawa tayari kwa rangi. Lakini tayari kwa fundi si tayari kwa jicho. Ilikuwa imefifia, kijivu, mabaka mabaka. Baba akaitwa kazini Rujewa, lori la mwenye mashine ya mpunga limebomolewa mdomo na ng'ombe. Aliondoka akisema kazi kubwa imekwisha, bila kutaja rangi, na kwamba akirudi, na Sista atakuwa amefika na gari la kuichukua.

Jumamosi ile mama alisimama kwenye kamba ya nguo akaitazama boti kwa muda mrefu. Halafu akainama, akavuka.

"Tusa, lete ile polishi."

Sebule yetu ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, na polishi ya mama ilikuwa na sifa mtaani. Kila Jumamosi tulipaka, tukaacha inywe, tukasugua kwa kipande cha blanketi mpaka mgeni avue viatu mwenyewe bila kuambiwa. Ndivyo nyumba yetu ilivyosema karibu. Siku hiyo tuliipaka boti hivyohivyo, tangu puani hadi mkiani. Mama alisugua kwa mikono miwili akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa, jasho likimtiririka katika baridi ile, na alipofika kwenye zile sehemu baba alizoziba, alisugua polepole kwa kiganja kitupu. Jua lilipoelekea kuzama tumbo lote lilikuwa jekundu, linang'aa, na nikajiona humo nikiwa mrefu na mwembamba. Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Nasema kweli, hata leo.

Baba alirudi kesho yake baada ya ibada. Aliingia getini na mfuko wa mchele begani, akasimama. Aliutua mchele. Akaenda akagusa kwa kidole kimoja, akakinusa kidole.

Mwanzoni sikuona kosa liko wapi, ila nilijua uso ule. Siku moja fundi mwenzake alishika mlango uliokwisha kupigwa msasa kwa mkono wa mafuta ya maandazi, na baba alimfukuza mbele ya wateja. Rangi haikai juu ya mafuta, mtoto wa gereji analijua hilo kabla ya kusoma, ila mimi sikuwahi kudhani polishi nayo ni mafuta. Na hapa ilikuwa boti nzima imenyweshwa nta, kila mkwaruzo wa msasa umeshiba, na upepo wa mwera unakuja, na Sista njiani. Nikamwona mama ameelewa. Mikono ilimshuka.

"Baba Tusa," alisema, "nimeiua?"

Nilijificha nyuma ya mlango wa gari. Baba aliizunguka boti yote, kisha akavua koti la ibada akalitundika kwenye kamba.

"Imependeza, mke wangu," alisema. "Sasa tuivue."

Basi. Hakuna zaidi. Alitoa thina ya kuyeyusha nta na matambara safi, akampa mama upande mmoja akabaki na mwingine. Walifuta wakageuza kitambaa, wakafuta tena, wakaosha, wakarudia msasa wote upya, na ile kazi ambayo baba hakuruhusu mtu aiguse akamwachia mama aifanye naye bega kwa bega. Sista alipofika akakuta bado, alifungua mdomo. Baba akamwomba asubiri, naye akakunja mikono ya gauni akashika msasa. Mimi nilihitimisha kwamba baba anamwogopa mama. Niliwatangazia na wenzangu shuleni.

Ilipakwa nyeupe. Tuliisindikiza kwa lori mpaka ufukweni, na huko nililiona ziwa kwa mara ya kwanza. Wanaume waliisukuma, ikasita mchangani, halafu maji yakaichukua, ikasimama yenyewe ikitikisa kichwa taratibu. Baba, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, alipanda akakaa chini ameshika pande zote mbili. Mama hakupanda. Aliingia majini na viatu vyake, akaweka kiganja ubavuni mwa boti, akakaa nacho pale mpaka tanga lilipojaa upepo na boti ikamtoka mkononi.

Miaka ikapita. Nikaolewa Iringa, na nilipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza mama alipanda basi kutoka Mbeya akaja kukaa nami hospitalini. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Katikati ya kuja na kuondoka huko, akinikanda kiuno, alinieleza. Alipokuwa na umri kama wangu wa darasa la tatu, mama yake alishikwa na uchungu katika kijiji kimoja cha chini ya ile milima. Walimteremsha ufukweni. Mitumbwi haikuweza kutoka kwa sababu ya mwera. Walimlaza mchangani wakisubiri upepo utulie, na mama yangu alikuwa amemshika mkono. Ulipotulia hakukuwa na haja tena ya mtumbwi, si kwa bibi yangu, si kwa mtoto. Baba alilijua jambo hili tangu uchumba wao.

Nililia, si kwa uchungu wa mtoto peke yake. Niliona tena kiganja chake kikipita polepole juu ya zile sehemu zilizozibwa, na baba akivua koti. Wala hakuwa anamwogopa. Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia wakati ule, nikiwa pale pale napiga polishi pamoja naye.

"Ulikuwa unaishangaa ile boti, mwanangu," alisema. "Mimi sikuwahi kulitazama lile ziwa bila kuona mchanga. Nikasema, huyu angalau aione boti tu."