Nilisema kazi imekamilika, dada yangu akabeba aibu yangu

Admin, kwanza nisamehe. Nilipokuuliza, ulinijibu siku ile ile kwamba niandike tu, jina utalificha, na mimi nimekaa miezi minne naandika nafuta. Leo mtoto amelala mchana, nimejikaza.

Mimi ni mama wa miaka 25, nina kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Naishi Mabwerebwere, hapa Kilosa, na mwanangu wa mwaka mmoja. Baba yake alishaondoka. Nilikuwa na wenzangu wawili wa Mikumi, tunatengeneza mfumo wa simu wa kumwezesha mgeni kuchagua chumba kwenye nyumba za wageni kabla hajafika. Mkubwa wetu tunamwita Kaka. Mwingine nitamwita Mama Nuru, ndiye aliyenivuta kwenye kazi hii. Nilipojifungua alifanya sehemu yangu miezi mitatu bila kunung'unika.

Niliporudi nilikuwa nimechoka, hamu ya kazi imeisha kabisa. Kila asubuhi Kaka anatupigia simu ya pamoja, kila mtu aseme amefika wapi na amekwama wapi. Sasa sisi tulivyolelewa, ukiulizwa habari unajibu nzuri hata kama kuna msiba, halafu ndiyo unasema, "ila tumefiwa." Mimi nikawa naishia kwenye nzuri. "Shikamoo Kaka. Kwangu nzuri tu, inaenda." Kumbe ile sehemu ya kuzuia watu wawili wasichukue chumba kimoja ilishanishinda. Nikaona aibu, nikasema imekamilika.

Mama Nuru akanipigia pembeni: "Mdogo wangu, una uhakika? Nije tukae wote?"

Nikamjibu kwa kiburi, "Dada, kwani mimi mtoto?"

Siku ya kuwaonyesha wenye nyumba za wageni, mama mmoja akachukua chumba namba tatu kwa simu yake, jirani yake naye akakichukua hicho hicho. Mfumo ukawakubalia wote. Yule mama akasema, "Haya, hawa wageni tunawalaza mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule?" Watu wakaangua kicheko.

Kaka akageuka. "Hii kafanya nani?"

Mama Nuru akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akasema, "Ni mimi, Kaka. Nisamehe."

Nami nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza!

Kaka akamtoa. Amerudi kwao Ulaya, siyo ya Wazungu, ni Ulaya ya hapa hapa Kilosa, analima. Aliniandikia mara moja tu: "Kushindwa kwako hakukuniuma. Kilichoniuma, nilikuomba nije tukae, ukakataa." Tangu hapo simu zangu hapokei. Na kazi yake nimepewa mimi, Kaka ananisifu kwamba najituma. Nikifungua kompyuta nakutana na mistari ya mfumo aliyoiandika yeye, nalia mpaka mtoto ananishangaa.

Jumatatu namwambia Kaka ukweli, hata akinifukuza. Kwa hiyo asiniambie mtu ninyamaze, na pesa msinitumie. Nitumieni sentensi ya kwanza, maana nikishasema shikamoo nakwama. Aliyewahi kuwaangusha wenzake kazini wakampokea tena, aniandikie alianzia wapi. Mama mwenye mtoto mdogo aniambie hamu ya kujifunza upya aliitoa wapi. Na wewe msomaji wa Ulaya, kama unamjua dada aliyerudi na kompyuta begani, mfikishie kwamba siku ya gulio nakuja. Asinikimbie.